Louis Braille, na kozi tunazotumiwa kwa simu

Katika lugha nyingi jina la Braille limekwisha kuwa nomino ya kawaida. Wafaransa huliandika kwa herufi ndogo, sisi husema breli, na Watanzania wana jina lao zuri, maandishi ya nukta nundu, kwa kuwa kila nukta inatokeza juu ya karatasi kama nundu ya ng'ombe. Ndiyo maana tunasahau kwamba Braille alikuwa mtu, tena mwanafunzi, na kwamba alipomaliza kutunga maandishi yake alikuwa mdogo kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika kitivo hiki.

Nina sababu ya kuyaandika maisha yake sasa. Tangu vyuo vikuu vya nchi yetu vilipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona, sehemu ya masomo imehamia kwenye simu, na hata baada ya kufunguliwa haikurudi yote. Silabusi inapigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, kisha inatumwa katika kundi la WhatsApp la promosyo. Maelezo ya profesa au asistanti yanafuata kwa sauti. Katika promosyo yetu yumo mwenzetu asiyeona. Simu yake ina programu inayomsomea kila kilichoandikwa kwa herufi, tena kwa kasi ambayo sisi hatuwezi kuifuata. Lakini ikifika picha ya ukurasa, programu inamwambia tu kwamba hapo pana picha. Nilipoanza kutafuta kama kuna watu waliowahi kukutana na shida ya namna hii, nilijikuta Ufaransa, katika karne ya 19.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Paris. Baba yake, mzee Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa hatamu na matandiko ya farasi. Louis alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Siku moja, akiwa na miaka 3, aliingia katika karakana ya baba yake akaanza kumwiga kazi. Chombo chenye ncha kali kikamponyoka, kikamchoma jicho moja. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuzuia jeraha kama hilo lisioze. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofika umri wa miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Waandishi wengi wa maisha yake hupenda kukumbusha kwamba kalamu ya breli, kile kijiti chenye ncha cha kutobolea karatasi, inafanana na msharasi wa fundi wa ngozi. Mimi sioni maana kubwa katika hilo. Naona maana kubwa zaidi katika uamuzi wa padri wa parokia, Jacques Palluy, aliyeanza kumfundisha, na wa mwalimu wa kijiji, Antoine Bécheret, aliyekubali kumweka darasani pamoja na watoto wanaoona. Louis alikaa akasikiliza, na alishika masomo vizuri. Lakini alichokuwa nacho ni masikio na kumbukumbu tu. Mtu anayesoma kwa kusikiliza peke yake hawezi kurudi kwenye mstari wa tatu kuhakikisha neno, wala hawezi kujua jina fulani linaandikwaje. Hadi leo watu wengi wanadhani kwamba kumtumia asiyeona sauti ni kumaliza shida yake. Louis alipitia hali hiyo utotoni, wala hakuridhika nayo.

Mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Vipofu. Shule hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Jengo lake lilikuwa kuukuu na lenye unyevu, na wengi wanaamini kwamba kifua cha Louis kiliharibikia humo.

Haüy alikuwa amevumbua njia ya kusoma kwa vidole. Alichukua herufi zilezile za Kilatini, akazifanya kubwa, akazigandamiza kwenye karatasi nzito iliyoloweshwa ili zivimbe. Mwanafunzi alipitisha kidole juu ya kila herufi, akaitambua, akaenda kwenye nyingine. Vitabu vilikuwa vizito na vichache sana, na ilimbidi mtu awe ameshika mwanzo wa sentensi kichwani hadi afike mwisho wake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye jambo lenyewe. Haüy alikuwa na moyo mwema kuliko watu wengi wa wakati wake. Kosa lake lilikuwa la kuanzia kwenye jicho. Herufi O, C, G na Q jicho linazitofautisha mara moja, kwa sababu jicho linaona umbo zima pamoja. Kidole hakioni umbo zima. Kinatambaa, kinafuata mviringo, kinatafuta kama una mwanya au mkia. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuweza kuziandika herufi zile mwenyewe, kwani zilihitaji mashine ya uchapaji. Alikuwa msomaji wa yale ambayo watu wanaoona waliamua kumchapishia, wala hakuweza kujibu kwa maandishi. Ukurasa wa silabusi uliopigwa picha una ukoo na herufi za Haüy. Umetumwa kwa nia njema na mtu anayeona, naye akiutazama kwenye kioo cha simu yake anaona kwamba umefika.

Mwaka wa 1821 mtu mmoja aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, aliiletea shule mfumo mwingine. Aliachana na herufi, akatumia nukta. Sisi wa isimu tungeupenda mfumo huu tangu siku ya kwanza, kwa maana ulikuwa mfumo wa sauti. Barbier alipanga sauti 36 za Kifaransa katika jedwali la safu sita kwa safu sita. Kila alama ilikuwa na mistari miwili ya wima ya nukta: idadi ya nukta katika mstari wa kwanza ilionyesha safu ya jedwali, na idadi katika mstari wa pili ilionyesha nafasi ya sauti katika safu hiyo. Nukta zilifika 12 kwa alama moja. Tena, na hili ni jambo kubwa, mtu asiyeona aliweza kuandika mwenyewe, kwa kibao na kijiti.

Barbier hakujali tahajia. Aliona kwamba tahajia ya Kifaransa ni mzigo kwa watu wasiopata shule, na kwamba kwao sauti zinatosha. Anayezungumza Kiswahili anaweza kumwelewa, kwani sisi tunaandika karibu kama tunavyotamka. Lakini wanafunzi wa shule ile walipoujaribu mfumo waligundua mambo ambayo mvumbuzi wake hakuyagundua. Alama yenye nukta sita kwenda chini haienei kwenye ncha ya kidole, hivyo inabidi kidole kipande na kushuka ndani ya alama moja. Hapakuwa na alama za kituo wala muziki. Na lililo baya kuliko yote kwa Louis, pasipo tahajia asiyeona atakuwa na Kifaransa chake na wanaoona watakuwa na chao. Angesoma kila siku, halafu asijue jinsi ya kuandika jina la mji alikozaliwa namna watu wa mji huo wanavyoliandika.

Alikuwa na miaka 12 alipoanza kuutengeneza upya mfumo huo, shuleni na wakati wa likizo huko Coupvray, na kufikia mwaka wa 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika katika mambo yake makuu. Alikata nukta 12 zikawa 6, tatu kwenda chini na mbili kwenda kando, ili alama nzima ikae chini ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta 6 zinatoa alama 63. Kisha akaacha sauti, akarudi kwenye herufi.

Mpangilio wake unastahili kutazamwa na mwanafunzi yeyote wa mifumo ya maandishi. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, zinatumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zilezile kumi, kila moja ikiongezewa nukta ya chini kushoto. Kundi la tatu linaanzia u, nazo ni zilezile tena zikiongezewa nukta zote mbili za chini. Anayejua kumi za mwanzo anajua karibu zote. Kwa kuwa Kifaransa cha wakati wake hakikuhesabu w katika alfabeti, Louis hakuiweka katika mfululizo, ndiyo sababu w ya breli imekaa nje ya utaratibu: umbo lake ni r iliyogeuzwa kama katika kioo. Kwa Mfaransa hilo ni jambo dogo. Kwa Kiswahili, chenye watu, wewe, kwetu na mwalimu, kidole kinakutana na mgeni huyo karibu katika kila mstari.

Mwaka wa 1829 alichapisha kitabu cha kueleza mfumo wake wa kuandika maneno, muziki na nyimbo za kanisa kwa nukta. Kitabu hicho chenyewe kilichapwa kwa herufi za kuvimba za Haüy, kwa kuwa ndizo shule ilizokuwa nazo. Ndani yake hakuficha deni lake kwa Barbier. Katika toleo hilo la kwanza baadhi ya alama zilikuwa na vistari pamoja na nukta. Wanafunzi walipata taabu kuviandika, naye katika toleo la 1837 akaviondoa. Alikuwa akifundisha watu walewale waliotumia mfumo, na alisikia malalamiko yao siku hiyohiyo. Alianza kusaidia kufundisha mwaka wa 1828, akawa mwalimu kamili mwaka wa 1833. Alifundisha sarufi, hesabu, jiografia na muziki, na alipiga kinanda katika makanisa ya Paris.

Mwaka wa 1839 alitoa uvumbuzi wa pili, ambao unatajwa mara chache, nami nauona mkubwa karibu sawa na wa kwanza. Breli ilimwezesha asiyeona kumwandikia asiyeona mwenzake. Lakini mama yake kule kijijini hakujua breli. Basi Louis alipanga jinsi ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta nyingi ndogo, mpaka wa nukta kumi kwenda juu, kwa kufuata majedwali ya nambari, ili asiyeona aandike barua ambayo mtu anayeona ataisoma kwa macho yake. Rafiki yake Pierre Foucault, naye asiyeona, akatengeneza mashine ya kufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Louis hakuridhika na mwanafunzi anayepokea tu. Hapa kwetu tunaposema kwamba kozi imemfikia kila mtu tunahesabu waliopokea. Hatuulizi huyu atatumaje TP yake, wala kama ukurasa wa mtihani wa kwenye intaneti unampa muda wa kusikiliza swali hadi mwisho kabla haujajifunga.

Mwaka wa 1840 mkurugenzi wa shule, Pignier, aliyekuwa amewaunga mkono wanafunzi, aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Pierre-Armand Dufau. Dufau aliikataa breli, akaleta aina nyingine ya herufi za kuvimba kutoka Uingereza. Tusimfanye shetani. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyeona akipewa maandishi ya peke yake atatengwa na jamii, na kwamba ni heri wote watumie herufi moja. Hoja hiyo bado inazunguka kwenye korido zetu, imevaa nguo nyingine: tukianza kutayarisha kozi kwa namna ya pekee kwa ajili ya mtu mmoja, tutamfanya ajione si kama wengine. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu, lakini sheria haijibu hoja ya namna hii, watu ndio wanaoijibu. Wanafunzi wa Dufau walimjibu kwa matendo. Waliendelea kuandika breli kwa siri, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Kilichowatenga ni ukurasa wasioweza kuusoma. Nukta sita ziliwapa tahajia ileile, sarufi ileile na vitabu vilevile vya watu wote.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliyaona hayo akabadili mawazo, na pole pole akambadilisha na mkubwa wake. Shule ilihamia jengo jipya kwenye boulevard des Invalides mwaka wa 1843, na katika sherehe ya kulifungua, tarehe 22 Februari 1844, breli ilionyeshwa mbele ya wageni kwa idhini ya uongozi. Wakati huo Louis mwenyewe alikuwa tayari mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka kadhaa, akifundisha anapoweza na kupumzika Coupvray anaposhindwa.

Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Rafiki yake Coltat alisimulia kwamba aliacha kisanduku kidogo, akaagiza kichomwe bila kufunguliwa. Waliobaki hawakuweza kujizuia, wakakifungua, wakakuta humo karatasi za madeni ya wanafunzi aliowakopesha fedha. Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka wa 1854, shule iliyapokea maandishi yake rasmi. Mwaka wa 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliyachagua yatumiwe katika nchi mbalimbali, na mwaka wa 1952 mwili wake ukahamishiwa Panthéon, isipokuwa mikono, ambayo wanakijiji wa Coupvray walibaki nayo.

Maandishi yake yameendelea kutengenezwa na wale wanaoyahitaji. Katika taaluma yetu, alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa ina breli yake tangu miaka ya 1930, na ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2008 na mwanaisimu Robert Englebretson, ambaye mwenyewe haoni. Kwa hiyo anayesema kwamba asiyeona hawezi kufanya fonetiki amechelewa sana. Programu ya NVDA, inayosoma kompyuta kwa sauti au kupeleka maandishi kwenye kifaa chenye nukta za breli zinazopanda na kushuka, ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, na inatolewa bure. Wasiosikia wana historia yao, ambayo inahitaji makala nyingine na mwandishi anayeijua vizuri.

Programu hizi zote zinataka kitu kimoja kutoka kwetu, yaani herufi. Faili iliyochapwa inasomeka, picha haisomeki, na programu za kugeuza picha kuwa herufi zinajikwaa zikikutana na karatasi iliyopinda, kivuli cha mkono na maneno ya Kibantu zisiyoyajua. Lakini katika kitivo cha lugha kuna mtego mwingine, nao uko hata katika faili zilizochapwa. Memwari na silabusi nyingi za zamani ziliandikwa kwa fonti za kifonetiki za kabla ya Unicode. Katika fonti hizo, ɓ au ɲ unayoiona kwa macho ni herufi au alama nyingine iliyovalishwa sura. Jicho linaona implosivu, lakini programu inasoma kilichofichwa chini yake. Asiyeona anasikia mfano wa Kiluba au wa Kiswahili uliojaa alama za ajabu, na hana njia ya kujua kwamba kosa si la lugha. Kumbuka kwamba toni pia, ikiwekwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyokwisha chapwa, kama wengi wanavyofanya hadi leo, kwake haipo kabisa. Memwari ya toni isiyo na toni.

Mwaka huu baadhi yetu katika promosyo tuligawana kurasa za silabusi moja ya sintaksia tukaichapa upya kwa Unicode, vichwa vya habari vikiwekwa kama vichwa na si kama maneno makubwa meusi, ili msomaji wa programu aruke kutoka sura hadi sura. Maneno hayakutusumbua. Tulikwama kwenye michoro ya matawi. Mmoja wetu alipendekeza tuieleze kwa sauti, mwingine tuiandikie maelezo ya sentensi ndefu, na tulibishana jioni nzima. Baadaye ndipo tulipomwuliza mwenzetu mwenyewe. Alisema hataki maelezo, anataka mchoro wenyewe, tumwandikie kwa mabano: mabano ya mraba, jina la kirai, kisha vilivyomo ndani yake, kama tulivyofundishwa wote katika mwaka wa kwanza. Kwa mabano, sentensi yenye matawi saba inakaa katika mstari mmoja. Sura mbili bado hazijachapwa, na aliye na nafasi ya kusaidia aje, kompyuta ipo.